Nilivyomsomea Mama Mkwe Riwaya za Mapenzi

Kabla ya macho yake kufanyiwa operesheni, mimi na mama mkwe wangu hatukuwahi kukaa chumba kimoja peke yetu. Hatukuwa na ugomvi wowote. Ndivyo heshima yetu ilivyo. Mkwe hali mbele ya mama mkwe, hamkazii macho, na wakikutana njiani humpisha upande wote. Nilipokwenda kumsalimia kwake Nyakabiga nilikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, nikamuulizia afya huku nikitazama mkeka, naye akanijibu huku akivuta kitenge kufunika miguu ambayo tayari ilikuwa imefunikwa. Soda ikiletwa, nilitoka nayo nje nikainywea barazani. Miaka yote ya ndoa yangu tulipendana hivyo, kwa mbali, na sikuona kuwa kuna kitu kilichopungua.

Alikuwa mwanamke wa kuogopwa kidogo. Alistaafu ukarani katika ofisi moja ya serikali, alikokuwa akipiga chapa barua za wakubwa, na Kifaransa chake kilikuwa kile cha zamani, kilichopigwa pasi. Swala hazikumpita. Mtaani kwao, msichana akikaribia kuolewa, yeye ndiye aliyeitwa kukaa naye chumbani kumfunda. Mke wangu alikuwa akisema kwamba mama yake hakuwahi kucheka meno yote yakaonekana.

Basi akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili, akafanyiwa operesheni. Daktari alimkataza kuinama, kukaribia moshi na kusoma mpaka atakaporuhusiwa. Mke wangu akaamua kwamba mama atakuja kupona kwetu Cibitoke, akanieleza kama mtu anayetoa habari, si kama anayeomba ruhusa. Niliitikia. Ningefanya nini?

Tatizo lilikuwa kwamba mimi nilikuwa nyumbani. Mimi ni dereva wa taksi, na siku zile mafuta yalikuwa yamepotea mjini. Gari langu lilikuwa limelala uani, kuku wa jirani wakitagia chini yake. Mke wangu ni muuguzi kwenye zahanati moja ya Kamenge. Asubuhi alimtia mama yake dawa ya macho, akaacha chakula kimefunikwa, akaondoka. Watoto walikwenda shule. Tukabaki mimi na Mabukwe. Ndivyo Kirundi kinavyomwita mama mkwe, na hata sisi tuliokulia kwenye Kiswahili neno hilo hatulibadilishi.

Mwanamume mwenye nguvu zake kukaa nyumbani asubuhi huku mama mkwe akikohoa sebuleni, hiyo peke yake ni fedheha. Nilijificha uani. Nililifuta gari lile mpaka rangi ikaanza kulalamika. Nikisikia anatafuta fimbo yake, nilikohoa ili ajue kuna mtu, kisha nikaondoa kiti njiani mwake kisimkwaze, nikatoka mbio. Siku kadhaa zilipita hivyo.

Halafu siku moja akaniita.

"Mukwe wangu."

"Labeka, Mabukwe."

"We unasoma Kifaransa muzuri?"

"Kidogo. Nilimaliza sekondari."

"Ndani ya sakoshi yangu iko kitabu. Niliacha mutoto wa watu pahali pabaya. Siwezi kulala."

Nilidhani ni kitabu cha dini, na huyo mtoto wa watu ni yatima fulani katika visa vya zamani. Nilifungua sakoshi, ule mkoba wake, nikatoa kitabu kilichovishwa karatasi ya kalenda, kwa unadhifu, kama daftari la mwanafunzi. Nikafunua jalada hilo. Chini yake palikuwa na jalada lenyewe: msichana wa Kizungu aliyeinamisha kichwa nyuma, gauni limemteleza begani, na nyuma yake mwanamume mwenye buti ndefu ambaye shati lake halikuwa na kifungo hata kimoja kilichofungwa. Nilikifunika upesi.

"Nimeona kitabu, Mabukwe, lakini nadhani si chenyewe."

"Kiko na tiketi ya bisi katikati?"

"Kiko nayo."

"Basi ni hicho. Soma."

Nilikaa kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Yeye alikuwa amevaa miwani yake nyeusi ya hospitali, na kabla sijaanza aligeuza kiti chake kikaelekea ukutani. Nilimshukuru moyoni. Nikasoma.

Zilikuwa riwaya zile nyepesi za Uingereza ya zamani, enzi ambazo mfalme alikuwa mgonjwa na mwanawe akishika utawala kwa niaba yake. Zilitafsiriwa kwa Kifaransa, zikafika kwetu kwenye mizigo ya mitumba, na mama mkwe alizinunua kimyakimya sokoni, akizichagua kwa kupapasa kama mtu anayechagua nguo za wajukuu. Katika ulimwengu ule kila mwanamume ni lodi, bwana wa ukoo mkubwa, ana nyumba yenye madirisha mengi na jambo la huzuni lililompata zamani. Kila msichana hana mali ya kwenda nayo kwa mume wala baba wa maana, lakini ana ulimi. Yule wa kitabu chetu, baba yake alikuwa amepoteza nyumba kwenye mchezo wa karata, na sasa shangazi yake alikuwa akimtembeza kwenye madansi ili apate mume kabla gauni lake moja halijachakaa. Lodi alidhani msichana anafuata mali. Msichana alidhani lodi ana majivuno. Mtu mwenye akili angewaweka kwenye benchi moja, wakaulizana swali moja, kitabu kikaisha. Lakini hakuna aliyewaweka, na hivyo kulikuwa na kurasa mia tatu za kusoma.

Pale pabaya mama mkwe alipokuwa amemwacha ni kwenye ngazi. Msichana alikuwa amesimama gizani, mshumaa umezimika, na lodi alikuwa akipanda. Nilisoma mpaka lodi alipofika ngazi ya chini yake. Macho yangu yakatangulia mistari michache, nikaona kinachokuja. Nikafunua kurasa mbili kwa mkupuo, nikaendelea pale ambapo msichana yumo ndani ya gari la farasi asubuhi yake.

Mama mkwe akainua mkono.

"Simama. Saa hii alikuwa ku ngazi. Nani alimutoa ku ngazi?"

"Labda... ameshuka mwenyewe, Mabukwe."

"Rudi nyuma."

"Mabukwe, hapa kuna maneno."

"Kitabu chote ni maneno."

Nilirudisha zile kurasa mbili. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye magoti. Yeye akasema taratibu akiuambia ukuta, "Isoni zako, haya za mukwe, nazijua. Hata mi niko nazo. Soma haraka haraka tu, kama mutu anaruka mutaro."

Nikaruka mtaro. Nililisoma lile busu kwa pumzi moja, bila kupandisha wala kushusha sauti, jinsi redio inavyosoma matangazo ya vifo. Nilipofika ng'ambo tulikuwa wote tunakohoa.

Tangu siku ile tukawa na utaratibu. Baada ya chai nilikaa kizingitini, yeye akageuza kiti. Pakija mahali pa hatari niliongeza mwendo, na yeye akaanza kuvuta tasbihi, nikawa nasikia punje zikigongana nyuma ya maneno ya lodi. Kifaransa kilitusaidia. Sijui kama ningeweza kwa Kiswahili. Neno la mapenzi kwa Kifaransa lilikuwa kama mgeni aliyekuja na koti. Kwa Kiswahili lingeingia sebuleni uchi.

Niseme kilichoniumiza zaidi: nilivipenda vitabu vile. Niliona haya kuvisoma, kisha nikaona haya zaidi kwamba kuvisoma hakukuwa adhabu. Nilipenda jinsi yule msichana alivyojibu. Lodi akimwambia, "Bibie, wewe ni mkaidi," yeye anasema, "Na wewe bwana ni mrefu, kila mtu ana kilema chake." Nilicheka kwa sauti, na nikasikia kicheko kingine kutoka kwenye kiti. Mama mkwe alikuwa anacheka. Nilikuwa nyuma yake, sikuona meno, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Wala hatukuwa wajinga. Mapungufu ya vitabu vile tuliyaona. Mimi kama dereva nilikasirishwa na yale magari ya farasi, ambayo gurudumu huvunjika tu panapokuwa na nyumba ya wageni jirani, na nyumba hiyo daima ina chumba kimoja kilichobaki. Nimeendesha miaka mingi. Gurudumu langu halijawahi kuharibika mahali pa maana. Na farasi wale hawakuchoka, hawakula, hawakupanga foleni ya kitu chochote. Mama mkwe yeye alichukizwa na kwamba hakuna anayefanya kazi. "Yule mutu anaamuka saa ngapi?" aliuliza. "Na nani anafua lile shati jeupe kila siku?" Kengele ikipigwa, mtumishi anaingia na chai, anatoka, hana uso wala mgongo unaomuuma.

Siku moja palikuwa na mstari mdogo tu. Lodi alikuwa na wasiwasi na barua iliyotoka kwenye mashamba yake ya miwa ng'ambo ya bahari. Sentensi moja, kisha wakaenda kucheza dansi. Nilisimama pale, nikashindwa kuendelea.

"Mabukwe, miwa hiyo nani alikuwa akilima?"

Alishika punje moja ya tasbihi.

"Watu kama sisi," akasema.

"Sasa mbona tunampenda?"

"Mi simupendi yeye. Napenda vile yule musichana anamujibu." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekamatwa, "Lakini naye nampenda kidogo. Soma."

Nikasoma. Wote wawili tulijua, na tukasoma. Hadi leo nikiikumbuka ile sentensi najisikia vibaya, lakini nisingesema kweli nikidai kwamba iliniharibia hadithi. Iliniharibia siku moja tu.

Baada ya adhuhuri mama mkwe alilala kidogo. Saa hizo nilichukua kitabu nikaenda kukaa ndani ya gari, kwenye kiti changu, vioo vimepandishwa, nikasoma mbele peke yangu. Jirani akipita nilishika usukani kana kwamba ninachunguza kitu. Kitabu cha kwanza nilikimaliza hivyo. Siku iliyofuata, nikimsomea, sauti ilinikwama mistari kadhaa kabla ya mahali pa kusikitisha kufika.

"Umeshamaliza," akasema.

"Ndiyo, Mabukwe. Unisamehe."

"Usiniambie mwisho." Akafikiri, akacheka kwa pua. "Hata hivyo naujua. Wanaoana. Ndiyo sababu nasoma. Mi maisha yangu yote sikuwahi kujua kesho inakuja na nini. Hapa najua."

Nikafunua ukurasa. Alikuwa amemzika mume, amekimbia mji na kurudi, amelea watoto kwenye miaka ambayo watu wa mji huu hatuisemi sana. Niliona haya kwamba nilimdhania mtu wa jiwe.

Ikaja habari kwamba mafuta yatafika kwenye kituo kimoja upande wa katikati ya mji. Majirani walinisukumia gari mpaka barabarani, nikatumia tone nililokuwa nimelihifadhi, nikajipanga kwenye mstari uliozunguka kona. Nilikuwa nimechukua kitabu cha pili kutoka kwenye sakoshi, nacho kimevishwa karatasi ya kalenda, nimekitia chini ya kiti. Madereva tulikaa kivulini tukilaani. Mwenzangu mmoja, ambaye tumeendesha naye tangu ujana, alikwenda garini kwangu kutafuta kiberiti. Akarudi na kitabu. Karatasi ilikuwa imechomoka, na msichana wa jaladani akawa anatazama mbingu mbele ya wanaume wote.

"Hiki nini?" akauliza.

Ningeweza kusema ni cha abiria aliyekisahau. Ningeweza kusema ni cha mke wangu. Lakini nilishikwa ghafla, nikasema ukweli.

"Ni cha mama mkwe wangu."

Alikigeuza mbele na nyuma. Kisha yule mwenzangu akauliza polepole, kwa huruma ya kweli, "Mama mukwe wako anakupa kitabu cha mapenzi?"

"Hanipi. Mimi ndiye ninayemsomea."

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Walicheka mpaka mmoja akajilaza kwenye boneti. Wengine waliokuwa mbele kwenye mstari waliacha magari yao wakaja kuuliza kuna nini, wakaelezwa, nao wakaanza upya. Nilijaribu kueleza habari ya macho, operesheni, daktari. Kila neno lilizidi kuharibu. Mafuta hayakufika siku ile, wala iliyofuata, na mpaka leo kwenye maegesho yetu ninaitwa Lodi.

Nyumbani nako nilijiletea aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeona kwamba yule lodi, pamoja na ubaya wake wote, huwa anatazama. Anaona glavu ya msichana imeshonwa upya kidoleni, anaona kwamba leo amechoka. Mimi mke wangu nilikuwa ninamwona anapoingia na anapotoka. Basi jioni moja alipokuwa anavua viatu vya kazi, nikajikaza, nikamwambia, "Mikono yako imefanya kazi kubwa leo. Lakini hata ikichoka, sijaona mikono mizuri kama hiyo."

Alisimama na kiatu kimoja mkononi. Akanisogelea, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Umetapika?"

"Apana."

"Kichwa kinauma? Viungo?"

"Siumwi, mke wangu."

"Kesho utakuja zahanati tupime malaria," akasema, akaenda kutazama maharagwe. Kutoka sebuleni nilisikia tasbihi ikisimama. Mama mkwe alikuwa amesikia yote.

Mke wangu hakujua habari ya vitabu. Hatukupanga kumficha, ila kila alipokaribia lango, mimi nilikuwa tayari uani, na sakoshi ilikuwa imefungwa. Na mimi nilikuwa na sababu nzuri ya kuogopa, kwa kuwa mwanzoni mwa ndoa yetu aliwahi kunisimulia kisa. Alipokuwa msichana wa sekondari, mama yake alimkuta na kitabu cha namna hiyohiyo chini ya godoro. Alimtoa nje mbele ya wenzake, akakichana ukurasa mmoja mmoja, akawashia jiko la mkaa. Halafu akampiga. Alinisimulia akicheka, lakini alikumbuka mpaka rangi ya gauni la jaladani.

Basi siku moja zahanati ilikuwa haina umeme wala maji, wakaruhusiwa mapema. Mimi nilikuwa nimefika mahali pazuri. Lodi alikuwa amerudi kutoka safari, amemkuta msichana kwenye chumba cha vitabu, na mara hii alikuwa amekuja kuomba msamaha. Nilikuwa nasoma kwa sauti kamili, maana siku zile nilikuwa nimeanza hata kuigiza: lodi kwa sauti nzito, shangazi kwa sauti ya puani. Nikaona kivuli kimeanguka kwenye ukurasa.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu uani. Alikuwa amesimama hapo muda gani, sijui.

Alinyoosha mkono, nikampa kitabu. Alifunua karatasi ya kalenda. Akatazama jalada, akamtazama mama yake.

"Mama," akasema. "We ulinipiga."

Mama mkwe hakugeuka.

"Ulinipiga mbele ya watu. Ukachoma kitabu ya rafiki yangu. Nilimudanganya kimepotea, na mpaka leo hatusemezani. Sasa unasomewa? Na bwana yangu?"

Niliinuka taratibu, nikitaka kupita pembeni yake nikimbilie gari.

"Baba watoto, kaa. Ulikuwa unasoma vizuri."

Nikakaa. Akaingia, akavuta kiti cha meza ya kulia, akakiweka katikati yetu, akatafuta pale nilipoishia. Akaanza kusoma.

Yeye hakuruka mtaro. Alisoma taratibu, kila neno na nafasi yake, sauti ya muuguzi anayemsomea mgonjwa maelekezo ya dawa. Alisoma msamaha, akasoma mkono ulioshikwa, akasoma na kilichofuata baada ya mlango wa chumba cha vitabu kufungwa, ambacho waandishi wale wanapenda kukieleza kwa uaminifu mkubwa. Palikuwa na vifungo vingi kwenye gauni lile, na kila kifungo kilikuwa na sentensi yake. Nilitazama sakafu. Niliona kila ufa wa saruji ile. Nilitamani watu wa foleni ya mafuta waje wanicheke, ingekuwa nafuu. Tasbihi ilikuwa kimya kabisa. Mara moja nilithubutu kuinua macho, nikaona shingo ya mama mkwe imeinama kama ya mtoto anayesubiri fimbo. Hapo ndipo aibu yangu ilipogeuka ikawa si ya kwangu. Nilimwonea yeye aibu, na kumwona hivyo kulikuwa vibaya kuliko yote yaliyotangulia.

Mke wangu alifika mwisho wa sura. Akafunga kitabu.

"Nilikisoma," mama yake akasema.

"Nini?"

"Kile kitabu yako. Nilikisoma chote kwanza, ndiyo nikakichana." Aligeuza kiti, kwa mara ya kwanza, akatuelekea sisi wote na miwani yake nyeusi. "Nilikipenda. Nikaogopa. Baba yako alikuwa mutu muzuri, unajua. Hakuwahi kunipiga, hakuwahi kutulaza njaa. Lakini neno hakuwahi kusema. Hata moja. Mi nikasema, huyu mutoto akisoma hivi atangoja mutu wa kwenye kitabu. Na yule mutu hayuko, mutoto wangu. Hayuko. Utazeeka unangoja."

Mke wangu alinitazama. Nilikuwa nimevaa fulana ya mikono mifupi yenye doa la oili tumboni, na kandambili ambazo hazikuwa jozi moja.

"Sikungoja," akasema.

Mpaka leo sijamuuliza alimaanisha nini. Kuna siku nadhani alinisifu.

Mama mkwe akaanza kulia, na hapo mke wangu akaruka kitini. "Usilie, Mama! Macho! Utaharibu operesheni!" Akaleta pamba, akamvua miwani, akawa anampangusa huku akimgombeza, na yule mama akawa anasema, "Nisamehe, nisamehe," na mwingine, "Nyamaza kwanza, machozi iko na chumvi," kisha nikasikia mmoja wao anacheka. Nikatoka. Sikujua ni nani aliyecheka kwanza, wala haikuwa haki yangu kujua. Nililifuta gari upya.

Daktari alipomruhusu, mama mkwe alirudi Nyakabiga akiwa na macho mapya na miwani ya kusomea. Siku ya kuondoka alinishukuru kwa maneno ya kawaida, akitazama mlango, na mimi nikajibu nikitazama mkeka. Heshima ilirudi mahali pake kama maji yanavyorudi kwenye mtungi. Nilipokwenda kumsalimia tena nilikaa kiti cha mlangoni, na soda nikainywea nje.

Mke wangu na mama yake sasa wanabadilishana vitabu bila kuvificha. Wanagombana kwa ajili ya vitabu hivyo. Mama anasema waandishi wa siku hizi wanaandika vibaya, wasichana wote wana macho ya kijani na wote wanajikwaa ili washikwe kiuno. Binti anasema afadhali kujikwaa kuliko kuzimia kama wale wa zamani. Nikiingia wananyamaza. Nami naona haya kuomba. Kitabu cha pili kilikuwa na mdogo wake yule msichana, aliyekuwa akimpenda nahodha mmoja kwa siri, na hadithi yake iko kwenye kitabu cha tatu ambacho sijakisoma. Nimekiona kwenye kabati la mke wangu. Nimepita karibu nacho mara nyingi. Mwanamume wa umri wangu, baba wa watoto, kusimama mbele ya kabati akitafuta habari za nahodha!

Mwezi uliopita nilikuwa nawapeleka wote wawili kwenye harusi. Walikaa kiti cha nyuma, wamevaa vizuri, wakabishana njia nzima. Mama alisema yule dada mdogo alikosea kumsamehe nahodha upesi. Mke wangu akasema apana, angemwacha mpaka lini, na nahodha alikuwa ameshaomba radhi. Mimi nilishika usukani nikanyamaza. Nilijifunza hapo kwamba nahodha alikuwa amefanya kosa, lakini kosa lenyewe hawakulitaja, na masikio yangu yalikuwa yamevutika mpaka nikapita taa nyekundu.

"Dereva," mama mkwe akasema.

Hakuniita mkwe. Nilitazama kioo, alikuwa anatazama nje dirishani.

"Naam, mama," nikaitika kama ninavyomwitikia abiria.

"We ni dereva, umeona watu wengi. Mutu kama amesafiri mwaka muzima bila kutuma barua, halafu anarudi na maua. Utamusamehe?"

Nilipunguza mwendo. Nikasema inategemea bandari alizopita zilikuwa na posta au hazikuwa nayo. Kisha nikasema kwamba hata kama hazikuwa nayo, angeweza kumpa barua mtu wa meli nyingine, maana mimi mwenyewe hubeba bahasha za watu mpaka Gitega, na kwamba maua hayajibu swali, na kwamba tatizo la wanaume wale ni kudhani kurudi kunatosha. Nilizungumza mpaka tukapita ukumbi wa harusi. Huko nyuma palikuwa kimya. Masikio yaliniwaka moto, nikawasha kiashiria, nikatafuta mahali pa kugeuza.